Panya Ghalani: Funzo Kutoka Kisiwa cha Chumbe

Kila baada ya mavuno, mkulima wa Kitale au Bungoma hujaza ghala mahindi, na panya hufuata. Wengi hukimbilia sumu. Kisiwa kidogo cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kinatufunza sumu hufaulu wapi na hushindwa wapi.

Chumbe ni hifadhi tangu 1994. Panya weusi, waliosambaa duniani kwa vyombo vya majini, walikuwa wamefika huko pia. Ndege wa baharini kama membe hutaga chini, yai moja au mawili tu, na panya hula mayai na makinda. Mwaka 1997 panya wa Chumbe waliangamizwa.

Kazi ya namna hii kisiwani ina masharti matatu. Chambo kifike kila pembe. Panya wafe upesi kuliko wanavyozaana, kwa sababu jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi tu. Kisha mashua na mizigo ikaguliwe ili wasirudi. Bahari ndiyo ukuta.

Kwetu hakuna bahari. Ukiua panya leo, kesho atakuja mwingine kutoka shamba la jirani. Kwa hivyo, mkulima ajenge ukuta wake mwenyewe:

• Inua ghala juu ya miguu ya takriban mita moja.
• Zungushia kila mguu mabati laini ili panya asipande.
• Fyeka nyasi kando ya ghala na ukate matawi yanayogusa paa.
• Ziba matundu, na uzoe punje zilizomwagika kila siku.
• Shaurianeni na majirani mfanye usafi huu wiki moja.

Ukilazimika kutumia sumu, nunua iliyosajiliwa, fuata maagizo, na uiweke mbali na watoto, kuku na chakula. Usiichanganye na mahindi ya kuliwa. Fukia mizoga, kwani paka, mbwa au bundi akila panya mwenye sumu anaweza kufa pia. Bundi, ambaye wengi humfukuza wakidai ni ndege wa mkosi, huwinda panya usiku bila malipo. Kumuua ni kuwapunguzia panya adui.

Kwa ushauri zaidi kabla ya mavuno, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.