SOMO: KUKWAZA NA KUKWAZIKA



Maandiko ya kusoma: Mithali 19:11; Ezekieli 18:20; Mathayo 5:23-24; Yakobo 3:5-10.

Kukwaza ni kumwekea mwenzako jambo la kumwangusha. Kukwazika ni kulipokea jambo hilo na kulibeba moyoni. Hutokea nyumbani, na pia kati ya dini na dini, taifa na taifa. Leo tujifunze jinsi hasira ya aliyekwazika inavyoweza kumwangukia asiye na kosa.

1. Neno hufika mbali
Yakobo anaufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu. Tarehe 30 Septemba 2005 gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapisha katuni 12 kuhusu Mtume Muhammad. Mojawapo ilimvika kilemba chenye bomu. Waislamu wengi walikwazika sana. Wenye gazeti walisema huo ni uhuru wa kusema. Sheria yaweza kumruhusu mtu aseme, lakini Mkristo anajiuliza zaidi: je, neno hili litajenga? Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

2. Deni hudaiwa asiyekopa
Februari 2006 maandamano ya kupinga katuni hizo yaligeuka vurugu mjini Maiduguri, kaskazini mwa Nigeria. Makanisa yalichomwa moto, Wakristo wakauawa. Hao hawakuchora chochote. Siku chache baadaye watu wa Onitsha, kusini, wakalipiza kisasi: misikiti ikachomwa, Waislamu wakauawa. Nao hawa hawakuua mtu Maiduguri. Tazameni, wapendwa: katuni zilichapwa Denmark, waliokufa walikuwa Nigeria, na waliolipiza walidhani wanatetea dini yetu. Ezekieli anafundisha kwamba kila mtu atabeba dhambi yake mwenyewe, si ya mwingine.

3. Aliyekataa kulipiza
Tarehe 12 Septemba 2006, huko Regensburg, Ujerumani, Papa Benedikto wa 16 alitoa hotuba. Ndani yake alinukuu maneno ya mfalme wa kale dhidi ya Uislamu. Hasira ikaenea. Tarehe 17 Papa alieleza masikitiko yake, akasema maneno yale hayakuwa mawazo yake. Siku hiyohiyo Sista Leonella Sgorbati, aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, alipigwa risasi Mogadishu, alikokuwa akifundisha wauguzi. Wengi walihusisha mauaji hayo na hotuba ile. Mlinzi wake, Mwislamu, aliuawa pamoja naye. Waliokuwa karibu walisimulia kwamba maneno ya mwisho ya sista yalikuwa ya kusamehe.

4. Na sisi hapa
Redio inapoleta habari mbaya za nyumbani, macho yetu humgeukia nani? Mara nyingi ni jirani wa kabila lile, tunayekutana naye kwenye bomba la maji. Tunasahau kwamba yeye naye alikimbia, na mgao wake ni sawa na wetu. Kumwacha kwa amani si kusema kwamba waliouawa kwetu si kitu. Tuwalilie, na haki tuidai kwa aliyekosa. Lakini jirani huyu asilipishwe deni lisilo lake.

Basi tushike mambo matatu:
- Ukisikia neno la kukwaza, uliza kwanza: nani alilisema, na je, ni kweli?
- Usilipeleke nyumba ya pili kabla hasira haijapoa.
- Ukiwa wewe ndiye uliyekwaza, nenda kwa ndugu yako kabla ya kuleta sadaka.

Maswali ya kujadiliana katika familia:
1. Je, kuna jirani tunayemchukia kwa kosa la mtu mwingine?
2. Ni majina gani ya dharau tunayoyataja mbele ya watoto wetu?
3. Wiki hii tumwendee nani?

Bwana atupe moyo wa uvumilivu. Amina.