Uchanganuzi wa Variansi na Kovariansi: Kutenganisha Kazi ya Mbolea na Kazi ya Udongo

Mkulima anayeambiwa kwamba mbolea fulani huzidisha mavuno hulipa gharama ya maneno hayo kwa fedha zake mwenyewe. Maneno yakiwa ya kweli, atafaidika. Yakiwa ya bahati tu, atakuwa amenunua gunia la matumaini. Kwa hiyo mtafiti anayetoa ushauri ana wajibu wa kujiuliza swali moja kabla ya kufungua kinywa: je, tofauti niliyoiona shambani imeletwa na mbolea, au ingeweza kutokea hata kama vipande vyote vingepewa kitu kile kile?

Katika makala hii tutaeleza njia mbili zinazotumiwa kulijibu swali hilo. Ya kwanza ni uchanganuzi wa variansi, na ya pili, ambayo ni ndugu yake, ni uchanganuzi wa kovariansi. Msomaji hahitaji hisabati ya juu. Akijua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, atatufuata mpaka mwisho. Tunamwomba tu achukue kalamu na karatasi.

Asili ya njia hizi

Njia hizi zilizaliwa shambani, wala si katika chumba cha wanahisabati. Mwaka 1919 R. A. Fisher aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Hapo palikuwa na kumbukumbu za majaribio ya mbolea yaliyokuwa yakiendelea tangu mwaka 1843, nazo zilihitaji mtu wa kuzifasiri. Mwaka 1923, akishirikiana na W. A. Mackenzie, Fisher alitoa makala juu ya jaribio la mbolea na aina mbalimbali za viazi, na humo uchanganuzi wa variansi ukatumiwa. Miaka miwili baadaye alikitoa kitabu chake cha mbinu za takwimu kwa watafiti, kilichoisambaza njia hiyo duniani.

Uchanganuzi wa kovariansi uliingizwa katika kitabu hicho hicho katika toleo la nne la mwaka 1932. Mfano uliotumiwa hapo ulikuwa wa chai, kutokana na kazi ya T. Eden huko Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Eden huyo huyo baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki huko Kericho. Basi nasi tutachukua mfano wetu katika chai.

Variansi ni nini

Chukua vipande kadhaa vya shamba vilivyotunzwa sawasawa, uvivune na kupima. Mavuno hayatalingana. Hapa udongo una kina, pale kuna mwamba chini. Hapa maji hutuama, pale kichuguu kimeacha rutuba. Variansi ni kipimo cha mtawanyiko huo. Huipata kwa kutafuta wastani, kuona kila kipande kiko mbali kiasi gani na wastani huo, kukizidisha kila kiasi kwa chenyewe, kujumlisha, kisha kugawanya kwa idadi inayoitwa digrii za uhuru. Kwa vipande 4 vyenye wastani mmoja, digrii za uhuru ni 3, maana ukishazijua tofauti tatu, ya nne haina hiari tena: lazima ikamilishe jumla ya sifuri.

Siri ya Fisher ni kwamba mtawanyiko wote wa jaribio unaweza kugawanywa katika mafungu. Fungu moja ni mtawanyiko uliopo kati ya wastani wa makundi, yaani wale waliopewa mbolea hii na wale waliopewa ile. Fungu la pili ni mtawanyiko uliomo ndani ya kila kundi, ambamo vipande vyote vilipewa mbolea moja na hata hivyo vikatofautiana. Hilo la pili huitwa kosa la jaribio. Neno kosa hapa halina maana kwamba mtu amekosea. Ni jina la yale yote tusiyoyaeleza. Ikiwa mbolea haina kazi, mafungu haya mawili, kila moja likigawanywa kwa digrii zake za uhuru, yatakaribiana. Mbolea ikiwa na kazi, fungu la kwanza litalizidi la pili. Uwiano wa mafungu hayo huitwa F, herufi iliyochaguliwa na G. W. Snedecor kwa heshima ya Fisher.

Mfano wa kukokotoa

Tuseme tuna vipande 12 vya chai. Kwa kura, vipande 4 havikupewa mbolea yoyote (kundi A), 4 vilipewa mbolea B, na 4 vilipewa mbolea C. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu, nimezitunga ziwe nyepesi kukokotoa. Ni kilo za majani mabichi katika mchumo mmoja.

Kundi A: 8, 8, 10, 14. Wastani 10.
Kundi B: 9, 13, 15, 15. Wastani 13.
Kundi C: 11, 11, 13, 17. Wastani 13.

Wastani wa vipande vyote ni 12. Ndani ya kundi A, tofauti na wastani wake ni −2, −2, 0 na 4. Zikizidishwa kwa zenyewe na kujumlishwa hutoa 24. Makundi B na C nayo hutoa 24 kila moja. Jumla ya ndani ni 72, na digrii za uhuru ni 9. Basi variansi ya kosa ni 72 ÷ 9 = 8.

Kati ya makundi, wastani wa A uko chini ya wastani wa jumla kwa 2, na B na C ziko juu kwa 1 kila moja. Tukizizidisha kwa zenyewe, kujumlisha, na kuzidisha kwa vipande 4 vya kila kundi, tunapata 4 × (4 + 1 + 1) = 24. Digrii za uhuru ni 2, kwa hiyo variansi ni 12.

F = 12 ÷ 8 = 1.5. Majedwali ya takwimu yanatuambia kwamba, kwa digrii 2 na 9, F inapaswa kupita 4.26 ili tuseme kwamba bahati peke yake ingeileta chini ya mara 5 katika 100. Yetu haijafika. Mtafiti mwaminifu hana budi kuandika: jaribio halikuonyesha kwamba mbolea zina kazi. Asiandike kwamba mbolea hazina kazi. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni kubwa. Ya kwanza inakiri kwamba hatukuona, ya pili inadai kwamba hakuna.

Kovariansi inaongeza nini

Sasa tuseme kwamba msimamizi wa shamba alikuwa na busara, akapima mavuno ya kila kipande msimu uliotangulia, kabla ya mbolea yoyote kutiwa. Mche wa chai hukaa miaka mingi mahali pamoja, na kipande kilicho kizuri mwaka huu aghalabu kilikuwa kizuri mwaka jana. Kwa mpangilio ule ule wa vipande, kumbukumbu zake zilikuwa hivi:

Kundi A: 8, 10, 12, 14. Wastani 11.
Kundi B: 7, 9, 11, 13. Wastani 10.
Kundi C: 9, 11, 13, 15. Wastani 12.

Tazama jambo hilo. Kura ilifanya haki, lakini kura haiahidi usawa katika jaribio dogo. Kundi C liliangukia vipande bora, na kundi B likaangukia vipande dhaifu. Kulinganisha B na C bila kujali hayo ni kama kuwapima wakimbiaji wawili waliofika pamoja, ilhali mmoja alianza hatua kadhaa mbele ya mwenzake.

Kipimo hiki cha awali tutakiita kipimo sindikizi. Ndani ya kila kundi tunazidisha tofauti ya kipimo sindikizi kwa tofauti ya mavuno ya kipande hicho hicho. Kwa kundi A: (−3 × −2) + (−1 × −2) + (1 × 0) + (3 × 4) = 20. B na C nazo hutoa 20, jumla 60. Hiyo ndiyo kovariansi kabla ya kugawanywa. Mtawanyiko wa kipimo sindikizi chenyewe ndani ya makundi ni 20 + 20 + 20 = 60. Mteremko ni 60 ÷ 60 = 1: kila kilo moja ya ziada msimu uliopita huandamana na kilo moja ya ziada msimu huu.

Kati ya ile 72 ya kosa, sehemu inayoelezwa na ubora wa vipande ni 60 × 60 ÷ 60 = 60. Inabaki 12 tu. Tumetumia digrii moja ya uhuru kwa kukadiria mteremko, zimebaki 8; variansi ya kosa sasa ni 12 ÷ 8 = 1.5, badala ya 8.

Tunafanya vivyo hivyo kwa vipande vyote 12 bila kujali makundi. Mtawanyiko wa mavuno ni 96, wa kipimo sindikizi ni 68, na jumla ya mazao ya tofauti zao ni 60. Kinachobaki ni 96 − (60 × 60 ÷ 68) = 43.06. Tukitoa 12, sehemu ya mbolea ni 31.06, ambayo kwa digrii 2 ni 15.53. F = 15.53 ÷ 1.5 = 10.35. Kwa digrii 2 na 8, mpaka wa mara 5 katika 100 ni 4.46, na hata mpaka mkali wa mara 1 katika 100 ni 8.65. Tumevuka yote miwili.

Wastani nao unasahihishwa. A inabaki 10. B, iliyoanza chini kwa kilo 1, inapanda hadi 14. C, iliyoanza juu kwa kilo 1, inashuka hadi 12. Mbolea zilizoonekana ndugu pacha sasa zimeachana.

Hata hivyo F inasema tu kwamba tofauti ipo. Haisemi iko wapi. Tukilinganisha kundi kwa kundi, tofauti ya kilo 4 kati ya B na A ni mara 4.5 ya kosa lake la kawaida, nayo inasimama imara. Tofauti ya kilo 2 kati ya B na C ni mara 2.2 tu, ambapo mpaka ni 2.31. Kwa hiyo tunaweza kumwambia mkulima kwamba B ni bora kuliko kutotia mbolea. Hatuwezi bado kumwambia aiache C aliyo nayo ghalani.

Faida ya njia hii ipimwe kwa fedha. Kuishusha variansi ya kosa kutoka 8 hadi 1.5 ni sawa na kuzidisha idadi ya vipande zaidi ya mara 5. Mtafiti asiye na kumbukumbu za msimu uliopita angehitaji vipande 60 na ushei ili aone kile alichokiona mwenzake kwa 12. Kwa nchi zisizo na fedha nyingi za utafiti, daftari la mavuno ni chombo cha maabara.

Tahadhari

Kwanza, mteremko uwe mmoja katika makundi yote. Ikiwa mbolea husaidia sana vipande dhaifu na haisaidii vipande vizuri, mistari haiendi sambamba, na wastani mmoja uliosahihishwa utadanganya.

Pili, na hili ndilo lenye hatari kubwa, kipimo sindikizi kisiguswe na kile kinachojaribiwa. Niliwahi kuletewa taarifa ya jaribio la dawa ya kuhifadhi mbegu za mahindi. Mwandishi alisahihisha mavuno kwa idadi ya miche iliyoota, kisha akahitimisha kwamba dawa haina faida. Lakini kazi ya dawa ilikuwa hiyo hiyo ya kuiwezesha miche kuota! Alikuwa ameitoa faida kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaandika kwamba haipo. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi.

Tatu, njia hii haiponyi jaribio lililopangwa vibaya. Pasipo kura ya kugawa vipande, hakuna usahihisho utakaotuhakikishia kwamba makundi hayakutofautiana kwa jambo jingine tusilolipima.

Siku hizi kompyuta huzimaliza hesabu hizi kabla kalamu haijaguswa. Lakini kompyuta haiulizi kipimo sindikizi kilichukuliwa lini, wala haijui kama kura ilipigwa. Hayo yatabaki kuwa kazi ya mtafiti.

Zoezi kwa msomaji: ongeza kilo 2 katika kila mavuno ya kundi B, ukokotoe upya. Ukiona kwamba 72, 60 na 60 za ndani hazikubadilika, na kwamba zilizobadilika ni zile zinazohusu tofauti kati ya makundi, basi kiini cha somo hili umekipata.