Mhukumu Kocha Kabla ya Matuta

Dakika za lala salama, kila mtu kijiweni hugeuka kocha. Kocha mwenyewe anamtoa kipa sekunde chache kabla ya matuta, nanyi mnasubiri. Aliyeingia akidaka, kocha ana akili nyingi. Akifungwa, "alikuwa anamtoa wa nini?" Hapo hamjahukumu chochote, mmesoma tu ubao wa matokeo kwa sauti.

Ukitaka kubishana kwa haki, toa msimamo kabla mkwaju wa kwanza haujapigwa. Uandike kwenye kundi la WhatsApp, saa iwe shahidi: ningemtoa au nisingemtoa, na kwa nini.

Chukua Thomas Tuchel alipokuwa kocha wa Chelsea. Agosti 11, 2021, mjini Belfast, Chelsea na Villarreal walikuwa 1-1 kwenye Super Cup ya Ulaya. Dakika ya 119 akamtoa Édouard Mendy, akamwingiza Kepa Arrizabalaga. Kepa akapangua mikwaju miwili, Chelsea wakabeba kombe. Tuchel akaeleza baadaye kwamba takwimu za benchi la ufundi zilimpa Kepa nafasi nzuri zaidi kwenye penalti, na wachezaji walishaambiwa mapema kuwa jambo hilo linaweza kutokea. Februari 27, 2022, Wembley, fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Liverpool ikaisha suluhu, naye akarudia yaleyale. Safari hii Kepa hakudaka hata mmoja kati ya 11, na wa kwake akaupaisha juu ya mtambaa wa panya. Liverpool 11, Chelsea 10.

Lakini kipa wa Liverpool, Caoimhin Kelleher, naye hakuokoa hata mmoja siku ile! Alifunga wa kwake, akatoka shujaa. Mikwaju 22 ilipigwa, 21 ikaingia. Ukimlaumu Tuchel kwa kuwa kipa wake hakudaka, itabidi umlaumu na Jürgen Klopp aliyemwacha kipa Alisson benchi.

Mimi ningemwacha Mendy. Wiki tatu nyuma alikuwa ametwaa AFCON na Senegal kwa matuta, akiokoa mmoja wa Misri, na pale Wembley alishazuia mabao ya wazi. Sababu hizo zote zilikuwepo kabla Kepa hajavua traksuti, ndiyo maana nazisema bila aibu. Hata hivyo, mwenye takwimu za mazoezini mkononi ana hoja nzito kuliko yangu, maana penalti moja iliyookolewa ni kitu kidogo sana.

Usichanganye pia maamuzi mawili kwenye lawama moja. Fainali ya Euro, Julai 11, 2021, Gareth Southgate, kocha wa England wakati huo, aliwaingiza Marcus Rashford na Jadon Sancho mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza ili wapige penalti. Wote wakakosa, na Bukayo Saka wa miaka 19 akakosa wa tano, Italia wakashinda 3-2. Kwa wale wawili, swali ni kama mtu ambaye mwili haujachemka, hajaugusa mpira vya kutosha, anafaa kupewa mkwaju. Saka alikuwa uwanjani muda mrefu, kwa hiyo kwake swali ni la mpangilio: nani apige wa mwisho? Unaweza kumtetea Southgate kwenye moja, ukambana kwenye jingine.

Na mabadiliko uyahesabu mapema. Kombe la Dunia 2014, kocha wa Uholanzi Louis van Gaal alisifiwa kila kona alipomwingiza Tim Krul dakika ya mwisho dhidi ya Costa Rica, Krul akaokoa mikwaju miwili. Siku nne baadaye, nusu fainali na Argentina, nafasi zake tatu za kubadili wachezaji zilikuwa zimekwisha. Ya mwisho aliitumia dakika ya 96, Klaas-Jan Huntelaar akaingia badala ya Robin van Persie. Jasper Cillessen akabaki golini, hakuokoa hata mmoja, Uholanzi wakalala 4-2. Mwenye ugomvi na van Gaal aanzie kwenye dakika hiyo ya 96.