Deni Likizidi Asiransi: Kijitabu kwa Wenye Gari na Wenye Nyumba wa Alimbongo, Lubero na Butembo

Barabara ya Taifa namba 2 ikifika Alimbongo inakuwa juu mlimani, penye baridi na ukungu, na mvua ikinyesha matairi hayashiki tena. Magari yanashuka kuelekea Lubero na Butembo yakiwa na viazi, vitunguu na watu waliokaa juu ya magunia. Breki zikikataa mahali kama hapo, anayeumia mara nyingi ni mpita njia ambaye hakukosa kitu.

Kijitabu hiki ni cha mtu mwenye gari, nyumba au parsele, anayeamini kwamba karatasi ya asiransi iliyo kwenye kioo cha gari imemaliza mambo yote. Haijamaliza. Tunataka alijue hilo leo, akiwa bado na nafasi ya kujipanga.

Deni linazaliwa namna gani

Sheria inayohusika ni ya zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na mahakimu wetu wanaitumia hadi leo. Kifungu cha 258 kinasema aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Cha 260 ndicho kinachoshangaza wengi: unajibu pia kwa mtoto wako mdogo anayeishi nawe, kwa mfanyakazi uliyemtuma, na kwa kitu kilicho chini ya ulinzi wako. Kifungu cha 261 kinahusu mnyama wako, na cha 262 jengo lako likiporomoka kwa kukosa matunzo au kwa kujengwa vibaya.

Sasa tazama parsele yako. Ukuta wa mawe uliopasuka tangu masika iliyopita unawaangukia watoto wanaotoka shule. Ng'ombe anakata kamba, anaingia barabarani, na motari anamgonga usiku. Shofa wako anamkanyaga mtu huko Musienene wakati wewe umelala nyumbani, na barua ya tribinali inakuja kwa jina lako.

Kwetu mambo hayo mara nyingi yanamalizwa kwa kukaa na wazee: dawa, mbuzi, mchango wa mazishi. Ni desturi njema, inazuia chuki. Lakini baba aliyekatwa mguu akiwa na miaka 30 atahitaji msaada kwa miaka mingi, na mbuzi hamlishi mpaka uzeeni. Hapo ndipo shamba linauzwa.

Kikomo cha asiransi

Asiransi ya dhima ya gari, ile inayomlipa mtu uliyemuumiza, ni lazima nchini mwetu tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Kwa miaka mingi Sonas, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake sokoni. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na mamlaka iitwayo ARCA ndiyo inazisimamia. Kwa hiyo unaweza kulinganisha mikataba. Usione haya kuuliza maswali; pesa ni zako.

Swali la kwanza liwe hili: mwisho mtalipa kiasi gani? Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria hailazimishi kampuni ya bima kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa. Hakimu akiamua milioni 5, milioni 2 zinamwangukia mwenye gari. Ingawa ada ndiyo inayotusumbua sote wakati wa kununua, kikomo hiki ndicho kinachoamua kama nyumba yako itabaki.

Mwavuli juu ya paa

Ndugu zetu waliohamia Marekani huambiwa na mawakala wao wachukue bima ya mwavuli. Ni asiransi ya pili inayokaa juu ya ile ya gari na ile ya nyumba, na huko kwa kawaida huanza kwenye dola milioni 1. Sababu yake inaeleweka: hata baada ya California kupandisha kiwango cha lazima tarehe 1 Januari 2025, ni dola 30,000 tu kwa mtu mmoja aliyeumia, na huduma ya hospitali huko inaweza kupita hapo kwa siku chache.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mama mwenye duka Butembo anaendesha jeep yake kwenda matanga Alimbongo, anateleza na kuwagonga watu wawili. Tribinali inaamua dola 75,000. Asiransi ya gari ina kikomo cha 20,000, inalipa hizo na kusimama. Mwavuli wa 100,000 unafunguka hapo, unalipa 55,000 zilizobaki. Mwaka unaofuata ukuta wake ukimwangukia jirani, mwavuli huohuo utakaa juu ya asiransi ya nyumba.

Kuna mtego ambao tunaomba uusome mara mbili. Mkataba wa mwavuli unadai asiransi ya chini ibaki kwenye kiwango mlichokubaliana. Yule mama akiipunguza mpaka 5,000 ili aokoe ada, mwavuli bado utaanza kwenye 20,000. Zile 15,000 za katikati atazilipa mwenyewe.

Wakala wako akisema hauzi mwavuli wa mtu binafsi, mwombe apandishe kikomo cha gari, kisha uulize asiransi ya dhima ya mkuu wa familia. Hiyo inahusu maisha ya nyumbani: watoto, mbwa, ukuta.

Mwavuli wa binafsi haulipi gari lako mwenyewe wala hasara uliyoikusudia. Haugusi biashara pia: Fuso ya mizigo na pikipiki ya abiria zinahitaji mkataba wa usafirishaji. Vita navyo kwa kawaida vinaachwa nje. Desemba 2024 mapigano yalifika Alimbongo na watu wakakimbia. Nyumba iliyochomwa katika mapigano kama yale haiingii katika mikataba tunayoeleza hapa, na inatuuma kuliandika.

Ajali ikitokea, mpeleke majeruhi hospitalini kwanza. Ita polisi wa rulaji waandike ripoti, chukua majina ya mashahidi, kisha ijulishe kwa maandishi kila kampuni inayohusika, ile ya mwavuli pia, ndani ya siku zilizoandikwa katika mkataba wako. Omba nakala yenye muhuri wa mapokezi. Pole na chakula cha wagonjwa upeleke bila kusita, ila usitie sahihi ahadi ya kiasi chochote kabla kampuni haijakujibu.