Picha za Wachezaji wa Mpira na Ufundishaji wa Wastani katika Darasa la VI

Utangulizi

Kila unapowadia wakati wa mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huifuata barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni, tukipita shule baada ya shule kuwatazama wanachuo wetu wakiwa kazini. Katika safari hizo tumezoea kukuta juu ya meza ya mwalimu rundo dogo la mali za watoto zilizotwaliwa: gololi, manati na, aghalabu, picha za wachezaji wa mpira. Baadhi ya picha hizo hukatwa katika magazeti, nyingine katika majalada ya madaftari. Nyingine hununuliwa dukani zikiwa ndani ya vipakiti vilivyofungwa, hata mnunuzi hajui amempata mchezaji gani mpaka afungue.

Katika shule moja wilayani Handeni, mwanachuo wetu alimkuta mvulana wa darasa la VI akipanga picha zake chini ya dawati wakati wa somo la Hisabati. Alilitwaa daftari la picha, akachana kurasa mbili mbele ya darasa zima ili liwe onyo kwa wengine. Kesho yake mtoto hakuja shuleni, wala keshokutwa. Siku ya tatu aliletwa na mama yake, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba fedha ya mchango wa uji ilikuwa ikiishia dukani. Mtoto alikuwa akimtafuta Mbwana Samatta, na kila kipakiti alichofungua kilimpa mtu mwingine.

Jioni mwanachuo alituuliza: "Mwalimu, je, nilikosea? Mbona tulifundishwa kuondoa darasani kila kitu kinachovuta mawazo ya watoto?" Swali hilo lilituchoma, maana maneno hayo aliyapata kwetu. Tulilifungua daftari lile pamoja naye. Chini ya kila picha mtoto alikuwa ameandika jina la mchezaji, timu na mwaka, kwa mwandiko safi na bila kosa. Kisha tukafungua daftari lake la Hisabati, tukakuta kurasa nyingi zikiwa tupu.

Makala haya yanaeleza somo tulilolitayarisha kutokana na mkasa huo. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba mkusanyo wa mtoto ni elimu ambayo ameanza kujipatia mwenyewe, na kwamba hesabu iliyofundishwa vizuri humlinda mtoto na hasara kuliko adhabu.

Mkusanyo wa mtoto ni kitu gani?

Upendo wa kukusanya picha haukuanzia Handeni. Mwishoni mwa karne ya 19 watengenezaji wa sigara wa Uingereza na Marekani walikuwa wakitia picha ndani ya pakiti ili mvutaji avutwe kununua tena. Mwaka 1961 kampuni ya Panini ilianzishwa mjini Modena, Italia, na mwaka 1970 ilitoa kitabu chake cha kwanza cha kubandikia picha za Kombe la Dunia. Biashara yote hiyo imejengwa juu ya jambo moja: mkusanyaji hapendi kuona nafasi tupu.

Mwalimu na atazame jinsi mtoto anavyofanya kazi yake. Huchambua, hulinganisha, hupanga kwa makundi, huandika, huhesabu zilizopungua na hubadilishana na mwenzake kwa mapatano. Stadi hizo hizo ndizo tunazozitafuta darasani kwa jasho jingi. Mtoto anazo tayari, ila amezificha chini ya dawati.

Andalio la somo

Darasa: VI. Mada: Wastani. Vipindi: viwili vinavyofuatana.

Shabaha: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (a) kukusanya na kuandika takwimu katika jedwali, (b) kutafuta wastani wa takwimu hizo, (c) kutumia wastani kukadiria gharama ya jambo kabla ya kutoa fedha.

Vifaa: Kopo moja kwa kila kundi, na vipande sita vya karatasi ngumu vyenye ukubwa sawa. Maboksi ya dukani yanafaa sana. Kila kipande kiandikwe jina la mchezaji mmoja anayependwa na watoto. Picha zao wenyewe zisitumike katika kopo, kwa kuwa zitachakaa.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aulize: "Ikiwa duka linauza picha za wachezaji sita, nawe huruhusiwi kuchagua, utanunua ngapi mpaka uwapate wote?" Kila kundi liandike kisio lake ubaoni. Katika somo letu makundi mengi yalikisia sita, saba au nane. Mwalimu asiseme kisio lipi ni sahihi.

Hatua ya pili. Mtoto mmoja achomoe kipande bila kutazama, asome jina, mwenzake aweke alama katika jedwali, kisha kipande kirudishwe na kopo litikiswe. Kazi iendelee mpaka majina yote sita yawe yametokea. Watoto waelezwe kwa nini kipande kinarudishwa: dukani, ukishanunua picha ya mchezaji fulani, nyingine kama hiyo bado zimo katika vipakiti vilivyobaki.

Hatua ya tatu. Kila kundi litaje idadi ya michomoo yake. Makundi yetu manane yalipata 13, 19, 9, 15, 22, 11, 17 na 14. Jumla ni 120; wastani ni 120 ÷ 8 = 15. Watoto walinganishe wastani huo na makisio yaliyo ubaoni.

Hatua ya nne. Tuseme picha moja ni shilingi 200. Kama mnunuzi angeruhusiwa kuchagua, picha sita zingemgharimu shilingi 1,200. Kwa kununua bila kuona, atatoa kwa wastani 15 × 200, yaani shilingi 3,000. Watoto watafute tofauti, kisha waitaje kwa vitu wanavyovijua: kalamu, madaftari, au vikombe vya uji.

Hatua ya tano. Makundi mawili yaungane, yachomoe kutoka kopo moja na kugawana vipande vinavyojirudia, mpaka kila kundi liwe na majina yote sita. Mtaona kwamba jumla ya michomoo ya makundi mawili hupungua. Hapa mwalimu hana haja ya kuhubiri faida ya ushirikiano, maana jedwali litasema.

Maelezo kwa mwalimu

Haifai mwalimu kuingia darasani akijua jibu tu bila kujua sababu yake. Picha ya kwanza huwa mpya daima, hivyo mchomo 1 unatosha. Kwa picha ya pili, majina 5 kati ya 6 bado ni mapya, kwa hiyo inahitajika kwa wastani michomo 6/5, yaani 1.2. Ya tatu huhitaji 6/4, yaani 1.5, ya nne 6/3, yaani 2, ya tano 6/2, yaani 3. Ya sita huhitaji 6/1, yaani 6. Jumla ni 14.7.

Mwalimu na aikazie macho namba ya mwisho. Picha moja ya mwisho peke yake hula michomo 6, sawa na shilingi 1,200, ambayo ndiyo bei ya picha zote sita kwa mtu anayeruhusiwa kuchagua. Kadiri mkusanyo unavyokaribia kukamilika, ndivyo kila hatua inavyozidi kuwa ghali. Makundi mawili yanayogawana huhitaji jumla ya michomo karibu 24, badala ya 29.

Kwa timu nzima ya wachezaji 11, wastani ni michomo 33 hivi. Kitabu cha Panini cha Kombe la Dunia la mwaka 2018 kilikuwa na picha 682. Mtu asiyebadilishana na mwenzake angehitaji kwa wastani picha zaidi ya 4,800. Hesabu zote hizi zinachukulia kwamba kila picha imetolewa kwa wingi ulio sawa. Ikiwa mwenye biashara amezipunguza baadhi, gharama huzidi.

Kuhusisha somo hili na masomo mengine

Picha za mchezaji mmoja, zikipangwa kwa miaka, huwa historia na jiografia. Samatta alizaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992. Jezi nyekundu ni ya Simba. Mwaka 2011 alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, ambayo ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2015. Januari 2016 alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, kisha akahamia Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa ya Uingereza, na tarehe 1 Februari mwaka huo akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya nchi hiyo. Watoto wachore safari hiyo katika ramani, watafute umri wake katika kila hatua, na wahesabu miaka kati ya 1980 na 2019, ambayo Tanzania haikucheza fainali za Mataifa ya Afrika.

Wasichana nao wasisahauliwe. Aisha Masaka, aliyechezea Häcken ya Sweden, alijiunga na Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Picha yake ina haki ya kuwamo ndani ya kopo.

Tahadhari

Kwanza, mwalimu asiwaagize watoto kununua picha kwa ajili ya somo. Pili, asiruhusu mchezo wowote ambao mshindi hutwaa picha za mwenzake. Huo ni kamari. Tatu, ikiwa mtoto anachezea picha wakati usiofaa, ziwekwe mezani na zirudishwe siku hiyo hiyo. Mali ya mtoto, hata iwe ndogo namna gani, haichanwi.

Hitimisho

Juma lililofuata mwanachuo wetu alilifundisha somo hili katika darasa lile lile. Kabla ya kuanza alimrudishia mvulana daftari lake mbele ya wenzake waliokuwa wameona likichanwa. Zile kurasa mbili alikuwa amezigandisha kwa gundi usiku, ingawa mikunjo ilionekana. Mvulana alipewa kazi ya kuandika jedwali la kundi lake. Ilipofikia hesabu ya picha ya mwisho, alitazama ubao kwa muda, kisha akasema polepole: "Kumbe ya mwisho ndiyo inayokula hela."

Hakuacha kukusanya, wala hatukumtaka aache. Tulipopita tena alikuwa akikata picha katika magazeti ya zamani aliyopewa na mwalimu mkuu, na akibadilishana na wenzake zile zilizojirudia. Deni la uji lilikuwa halijaisha, na mama yake alikuwa akililipa kidogo kidogo. Hesabu ile ingemfikia mapema zaidi kama sisi tulio walimu tungalilifungua daftari lake kabla ya kulichana.

Maswali ya kujadili

1. Taja vitu vingine vitatu vinavyokusanywa na watoto wa shule unayofanyia mazoezi. Kila kimoja kinaweza kuanzisha mada gani?
2. Tafuta wastani wa michomo kwa picha nne. Andaa jedwali utakalolitumia kwa darasa lenye watoto 60.
3. Mtoto ametumia fedha ya mchango wa shule kwa jambo lake. Utasema nini naye, na utasema nini na mzazi wake?