Je, Saratani ya Mama Itanifuata?

*Nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mama alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 41, na sasa mama mdogo ana saratani ya ovari. Je, nami nitaugua? Mama Z., miaka 34*

Hofu ya Mama Z. ina msingi, ila haina maana kwamba lazima augue. Kati ya saratani 100 za matiti, takriban 5 hadi 10 tu hutokana na jeni za kurithi, hasa BRCA1 na BRCA2. Kazi ya jeni hizo ni kurekebisha vinasaba vilivyoharibika. Mzazi mwenye hitilafu, awe baba au mama, anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Kipimo cha jeni hizo hufanywa kwa damu au mate. Ni vizuri aanze mgonjwa, yaani mama mdogo; hitilafu ikionekana kwake, ndugu watapimwa hiyohiyo.

Mama Z. aende Taasisi ya Saratani Ocean Road na orodha ya ndugu waliougua, aina ya saratani na umri wao. Aulize kipimo kinafanyikia wapi na kwa gharama gani. Akikutwa na hitilafu, matiti yatachunguzwa kila mwaka, na akishamaliza kuzaa atashauriwa kuhusu kutoa ovari.

Akiona uvimbe titini, chuchu inayotoa damu au tumbo linalojaa kwa wiki kadhaa, aende hospitali mara moja, bila kusubiri kipimo cha jeni.