Gurudumu Dogo la Akiba: Somo la Mzingo na Kanieneo

Mkazi wa Bugene, wilayani Karagwe, anunuapo gari siku hizi, huenda akafunua buti asikute gurudumu la akiba lililo sawa na yale manne ya barabarani. Mara nyingi hukuta gurudumu jembamba. Pengine hukuta pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba tundu tu. Watengenezaji hufanya hivyo ili kupunguza uzito wa gari na matumizi ya mafuta, na kuongeza nafasi. Je, gurudumu hilo jembamba laweza kumfikisha msafiri salama? Hesabu za darasani zatosha kutuonyesha.

Mzingo. Tuchukue tairi la kawaida lenye maandishi 195/65 R15. Upana wake ni milimita 195. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo. Rimu yake ina kipenyo cha inchi 15, yaani milimita 381. Kwa hiyo kipenyo cha gurudumu zima ni milimita 634.5, na mzingo wake yapata meta 1.99. Gurudumu la akiba lenye maandishi T125/70 D15 lina kipenyo cha milimita 556 na mzingo wa meta 1.75 hivi. Katika kilometa moja, gurudumu la kawaida huzunguka mara 502, na lile dogo mara 572 au 573. Tofauti ni mizunguko 71 hivi.

Barabara ya lami kutoka Bugene hadi Kyaka ni ya kilometa 60 hivi. Katika safari hiyo gurudumu dogo litazidi mwenzake kwa mizunguko zaidi ya 4,200. Likifungwa kwenye ekseli inayosukumwa na injini, tofauti hiyo yote hubebwa na difu. Gia za difu zimewekwa ili magurudumu mawili yaweze kupishana gari likatapo kona. Zikifanya kazi hiyo safari nzima, hupata joto na kulika. Kwa hiyo gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likipata pancha mbele, yafaa kuhamishia mbele gurudumu zima la nyuma, na lile dogo kulifunga nyuma. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lahitaji kufuata maelekezo ya kitabu chake.

Kanieneo. Twajua kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Tuseme gurudumu moja limebeba kilo 300, yaani nyutoni 2,940. Tairi la kawaida lenye upepo wa kilopaskali 220 hugusa ardhi, kwa makadirio, kwa sentimeta za mraba 134. Lile dogo hujazwa kilopaskali 420, hivyo hugusa ardhi kwa sentimeta za mraba 70 tu. Maana yake ni kwamba ardhi hukandamizwa karibu mara mbili. Kwenye lami kavu dereva mwangalifu huenda asione taabu. Lakini akiacha lami na kuingia barabara ya udongo wakati wa masika, huku amepakia mikungu ya ndizi, gurudumu hilo huzama upesi kwenye tope.

Ndiyo sababu ubavuni mwa magurudumu hayo huandikwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. Kazi yake ni kukufikisha kwa fundi wa pancha, si kukamilisha safari. Chupa ya dawa nayo huziba tundu dogo la msumari, bali haizibi ubavu uliopasuliwa na jiwe.

Basi, kabla ya kulipa fedha, funua buti na usome maandishi ya tairi. Uliza pia kama gurudumu zima laweza kuenea mahali pale. Na kila mwezi pima upepo wake, kwani gurudumu lililolala muda mrefu hupungukiwa upepo bila mwenyewe kujua.

Zoezi. Soma maandishi ya tairi la gari lililo karibu na shule yenu. Tafuta mzingo wake, kisha ukokotoe mizunguko yake kutoka Bugene hadi Kyaka.